Kaburi Kando ya Njia ya Maji

Kaburi la baba lilikuwa kando ya njia ya kushukia ziwani, karibu na jiko letu, na hakuna aliyeliogopa. Wanawake wanaoanika dagaa walipumzikia hapo. Mtu akitoka majini na beseni kichwani, analitua juu ya saruji ya kaburi, anafuta jasho, anamsalimia mama aliye dirishani, kisha anajitwika tena na kuendelea kupanda. Mgeni akishangaa, mama alimwambia kwamba mwenye kaburi alipenda watu alipokuwa hai, sasa awachukie kwa nini. Sisi tulilifagia pamoja na uwanja, na kila Krismasi ilipokaribia tulilipaka chokaa.

Pale alipachagua mwenyewe. Alizaliwa Butiama, si mbali na Mwitongo, kwenye boma la ng'ombe, akaja Musoma akiwa kijana kupakia mizigo bandarini. Kiwanja chetu alikipata wakati ambapo watu wa mjini walikuwa bado wanaukimbia ufuko kwa sababu ya mbu na viboko. Ndugu zake walimcheka sana. Walisema mwanamume mzima ameacha malisho kwenda kuishi na viboko, na kicheko kile baba hakukisahau hata alipozeeka. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho alituita mama, kaka yangu na mimi, akatuambia akifa tusimrudishe kwa ng'ombe. Azikwe hapa, asikie maji, na upande wake wa kulia ibaki nafasi ya mama. Kaka ndiye kifungua mimba, na kwetu kifungua mimba ndiye mwenye kauli juu ya kaburi la baba yake. Alimshika mkono mgonjwa akasema itakuwa hivyo. Nilikuwepo, nilikuwa nimeshika kikombe cha uji.

Mimi ni fundi cherehani. Ndoa yangu ilinishinda nikiwa Bunda, na nilirudi nyumbani na cherehani, godoro na hasira. Kwetu binti aliyerudi hana lake. Anakaa kwa huruma ya baba, na baba akifa anakaa kwa huruma ya kaka. Baba hakuniuliza nimefanyiwa nini wala nimefanya nini. Aliita mafundi, akanijengea nyumba ya vyumba viwili nyuma ya jiko, mlango wake ukitazama ziwa, akasema mbele ya wote kwamba hii ni yangu na asije mtu akaniondoa. Siku ya kupima msingi kaka ndiye aliyeshika kamba upande wa pili. Alinitania kwamba nimejengewa karibu na jiko ili nisipate kisingizio cha kutopika.

Inabidi nieleze na jambo moja dogo la nyumbani, kwa sababu litarudi. Baba alikuwa na utaratibu wake kuhusu wageni. Mgeni akija anakaa sebuleni, anatumwa mtu dukani kuleta soda, na soda inafunguliwa mbele ya macho yake ili aone kwamba haijaguswa na mtu. Akiondoka anasindikizwa hadi barabarani. Mtoto wa nyumbani hapewi soda. Anapitia mlango wa jikoni, anafunua sufuria mwenyewe, akikuta kitu anakula, akikosa analalamika. Kaka alikwishaoa na kuhamia Bunda, ana duka lake la vifaa vya ujenzi, ana kitambi, lakini kila alipokuja kutusalimia alipitia jikoni na kufunua sufuria kabla hata ya kumwamkia mama. Mama alimpigia kelele kila mara, na kila mara alifurahi.

Basi, mwaka juzi walikuja watu wenye vyombo vya kupimia. Walikuwa na adabu. Walikaa sebuleni, wakaletewa soda, wakasema wanachukua vipimo tu. Baada ya muda tukaitwa kwenye mkutano wa mtaa, uwanja wa shule ya msingi, na hapo ndipo tulipoambiwa kwamba katika Mpango Kabambe mpya ufuko wetu wote, kuanzia mwaloni, wanapotua wavuvi, mpaka kwenye majabali, umependekezwa kuwa eneo la viwanda. Kuna mwekezaji anataka kujenga kiwanda cha samaki, maghala, na uwanja wa malori. Neno kabambe nililipenda tangu utotoni. Siku ile lilinitoka moyoni.

Wanawake wa dagaa waliuliza wataanika wapi. Wenye nyumba waliuliza maji machafu ya kiwanda yatakwenda wapi, kama si kwenye ziwa hili hili tunalochota na kuogea. Mimi niliuliza ni nani aliyependekeza, maana mimi naishi pale na sikumbuki kupendekeza kitu. Afisa aliyetumwa, kijana mtanashati mwenye sauti ya upole, alijibu kwamba hiyo bado ni rasimu na maoni yetu yatazingatiwa. Nimewashonea watu wa ofisini sare nyingi maishani mwangu na najua wakisema yatazingatiwa wanamaanisha nini.

Ila ardhi yenyewe ilikuwa upande wetu. Ufuko ule umezibwa na majabali makubwa kulia na kushoto, na mahali pekee ambapo gari linaweza kushuka hadi kwenye maji ni katika kiwanja chetu, kwenye ile njia ya mabeseni. Bila njia ile hakuna malori, na bila malori hakuna kiwanda. Na ili lori lipite, lingepita juu ya baba.

Jirani yetu mmoja aliliona hilo kabla yetu. Alikuwa mzee Mwislamu, fundi wa kuunda mitumbwi, karakana yake ilipakana na ua wetu wa minyaa. Watu wake wote wamezikwa kwenye makaburi ya mjini, kwa hiyo katika kiwanja chake hapakuwa na kaburi hata moja. Alisimama mkutanoni akamuuliza afisa sheria inasemaje juu ya maiti. Afisa akasita, akajibu kwamba penye kaburi barabara haipitishwi bila ridhaa ya familia ya marehemu. Alisema jambo hilo ni la familia, wao hawaliingilii.

Ndipo kaka alipoomba kusema. Alikuwa amekuja kutoka Bunda kwa ajili ya mkutano huo, amevaa shati jeupe nililomshonea mimi.

"Baba yetu amelala pale," alisema. "Anayetaka kupitisha lori lake, aanze kulipitisha juu yangu."

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Wanawake walipiga vigelegele, fundi wa mitumbwi akaenda kumshika kaka mkono kwa mikono yake miwili, na mimi nililia hadharani. Tulimchagua kaka hapo hapo awe msemaji wetu. Nani mwingine? Ana maneno, ana gari la kwenda na kurudi, anawajua watu wa ofisini, na kaburi ni la baba yake.

Miezi iliyofuata tuliishi kwa furaha ya watu waliopata ngao. Mtaa mzima ulikumbuka marehemu wake. Makaburi yaliyokuwa yameota magugu yalifyekwa na kupakwa chokaa, misalaba iliyolala ikasimamishwa, watu wakaanza kuwataja kwa heshima mababu ambao walikuwa hawajatajwa tangu wazikwe. Mzee mmoja alijijengea kaburi la saruji akiwa hai, akasema yeye hapendi kuharakishwa na serikali wala na Mungu. Tulicheka sana. Fundi wa mitumbwi alipita dirishani kwangu jioni, akanikuta nashona, akasema, "Wenzangu wana makaburi yao. Mimi, binti yangu, kinga yangu ni baba yako tu." Nikamwambia baba hatamwangusha.

Kaka alikuja kila baada ya muda kutupa habari. Alisema amekwenda ofisi hii, ameonana na mkubwa yule, mambo yanakwenda vizuri, tutulie. Anafunua sufuria, anakula ugali wa muhogo na dagaa, anaondoka. Siku moja alikuja hakufunua sufuria. Alikaa kwenye kigoda jikoni karibu na mama, akainamisha kichwa, akasema baba anamjia usingizini.

Alisema baba amesimama ziwani, maji yamemfika magotini, anatetemeka kwa baridi, anauliza ng'ombe wako wapi. Ndoto ile ile, usiku kwa usiku. Akasema na binti yake wa mwisho, kipenzi cha mama, ameanza kuanguka darasani na hospitali hawaoni kitu. Amekwenda Butiama kwa wazee wa ukoo, na wao wamesema baba amewawekea ndugu zake kinyongo na sasa amechoka nacho, anataka kurudi bomani kwa baba yake alale penye damu yake.

Mama ni mtu wa kanisa, hana habari na ndoto. Lakini aliposikia mtoto anaanguka darasani, uso ulimbadilika. Alisema kama ni kwa ajili ya mjukuu, hata yeye mwenyewe afukuliwe kabla hajafa.

Mimi niliuliza swali moja, na niliuliza mbele ya fundi wa mitumbwi ambaye tulimwita makusudi. Nilimuuliza kaka, baba akiondoka, njia inabaki na nini? Alinitazama kama mtu aliyeonewa. Alisema saruji itarudishwa pale pale na msalaba wake, kaburi litabaki kaburi. Nani atakuja kuchungulia chini? Fundi alifikiri, akasema kumrudisha mzazi kwa wazee wake ni jambo la heshima, na heshima haizuiliwi kwa ajili ya kiwanja. Aliongeza kwamba sanduku atatengeneza yeye, bila malipo, kwa mbao alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mtumbwi.

Tuliifanya kazi ile kama inavyotakiwa. Vibali vikapatikana upesi ajabu, na bwana afya akaja asubuhi na mapema. Wazee wa ukoo walifika wakiwa na ngozi ya ng'ombe na unga wa ulezi, katekista akasali kwanza, kisha wazee wakasema ya kwao. Mtaa mzima ulikuja. Mimi nilishona shuka jeupe la kumfunga, nikalikunja pindo lake kwa mkono badala ya cherehani. Fundi wa mitumbwi alileta sanduku begani, dogo, limepigwa randa likang'aa, akalitua chini taratibu akarudi nyuma kusimama na Waislamu wenzake. Baba alipotolewa, mama alivua kanga ya mabegani akalifunika sanduku. Hakulia. Alisema tu, "Haya, nenda ukapate joto."

Wakati sanduku linapakiwa garini, mzee mmoja wa ukoo alisema kaburi halifukiwi tupu, likifukiwa tupu litaita mwingine. Walikata mgomba nyuma ya jiko wakaulaza shimoni mahali pa baba. Hiyo naijua, ni desturi. Ila baadaye, sisi wote tukiwa tumekwishapanda magari kuelekea Butiama, vijana aliokuja nao kaka kutoka Bunda walibaki nyuma kufukia. Tuliporudi tulikuta hakuna saruji, hakuna msalaba, pamesawazishwa na kushindiliwa hata usingejua palikuwa na kitu. Kaka alisema ni maagizo ya wazee. Sikupenda, lakini nilikuwa nimetoka kumzika baba yangu mara ya pili na sikuwa na nguvu ya kugombana.

Butiama tulipokelewa vizuri. Beberu na dume la ng'ombe walichinjwa, baba zetu wadogo ambao walikuwa wakimcheka baba sasa walilia kwa sauti kuliko sisi, na watu wa ufukweni waliokuja na lori la kukodi walicheza ngoma na wenyeji mpaka mchana ukaisha. Kaka alitoa hotuba. Kisha alimwonyesha mama nafasi iliyoachwa pembeni mwa kaburi jipya, imepimwa na kuwekewa mawe pembeni. Mama aliiangalia. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mkutano wa mwisho wa mtaa ulifanyika mvua za vuli zilipoanza. Kaka hakuja. Simu yake ilikuwa inaita bila kupokelewa. Yule afisa mwenye sauti ya upole alituambia kwamba maoni yetu yamezingatiwa, na kwamba kikwazo kikubwa kilichokuwapo, cha kaburi kwenye njia ya kushukia majini, familia yenyewe imekiondoa kwa hiari, na serikali inaishukuru familia hiyo kwa uzalendo.

Watu waligeuka kunitazama. Nilisimama. Nilisema baba alihamishwa kwa sababu za ukoo, hakuna aliyeridhia barabara, na pale bado ni kaburi. Afisa alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza kwa upole, "Mama, kwa sasa pale amezikwa nani?"

Nilifungua mdomo. Jibu lilikuwa moja tu na kila mtu uwanjani alilijua, kwa sababu kila mtu alikuwepo.

"Mgomba," nikasema.

Walicheka. Siwalaumu, hata mimi ningecheka kama ingekuwa ni ya mwingine. Hata wanawake wa dagaa, wale waliotua mabeseni yao kwa baba miaka yote, walijiziba midomo kwa kanga mabega yakitikisika. Kisha kicheko kilikatika chote kwa pamoja, watu walipoelewa walichokuwa wakikicheka. Fundi wa mitumbwi hakucheka. Aliinuka, akakung'uta kanzu, akaenda zake kabla mkutano haujafungwa.

Kesho yake nilikwenda Bunda. Nilifika nyumbani kwa kaka mchana, yeye hayupo. Wifi alinikaribisha kama kawaida, na binti yao, yule aliyekuwa akianguka darasani, alikuwa uani anaruka kamba na wenzake. Nikauliza anaendeleaje. Wifi akauliza kwani alikuwa na nini? Nikamuuliza vipi ndoto za kaka, bado zinamsumbua?

"Ndoto?" alisema wifi. "Kaka yako akilala huwaga hata mvua ya mawe haimwamshi. Ndoto ya wapi?"

Halafu akaniangalia vizuri, akaweka mwiko chini. Wifi si mwanamke mbaya. Niliona mambo yakijipanga usoni mwake, zile safari za Butiama, wazee waliokuwa wakija kula pale nyumbani, na lori jipya lililokuwa limeegeshwa nje ya ukuta, ambalo nililipita getini nikidhani ni la mteja. Alianza kulia. Alinisihi ningoje chakula. Niliondoka bila kunywa hata maji, na ndani ya gari la kurudi Musoma nilitazama dirishani njia nzima ili aliyekaa nami asione uso wangu.

Nimejiuliza mara nyingi ni kipi kilichoniuma zaidi. Kuuza ardhi, watu wanauza. Angekuja akasema dada, nimepata mkataba wa kubeba kifusi cha kiwanda, nataka njia, tungegombana, tungetukanana, pengine angeshinda maana kwa mila kiwanja ni chake. Lakini alimtumia baba. Alichukua kitu ambacho mama hawezi kukikataa, mjukuu mgonjwa, na kitu ambacho majirani hawawezi kukipinga, mzee kurudi kwa wazee wake, akatufanya sote tumsaidie kwa vigelegele. Nilishona lile shuka. Nilikaa nalo siku nzima, nikikunja pindo kwa mkono, nikimwimbia baba nyimbo za kanisani, na kaka alikaa pembeni yangu akinishikia kitambaa kisiburuzike chini. Sijui alikuwa anafikiri nini. Nimejaribu kumwazia na siwezi.

Sikujua nimwambie vipi fundi wa mitumbwi, na haikuhitajika. Nilimkuta karakanani anafunga vyombo vyake. Msasa, randa, misumeno, kila kimoja kimefungwa gunia lake. Alisema anahamia Kisorya, kuna ndugu yake pale karibu na kivuko, na watu bado wanahitaji mitumbwi. Nilisema samahani.

"Lile sanduku nilidhani namtengenezea baba yako," alisema. "Kumbe nilikuwa najitengenezea mimi."

Hakusema kwa hasira. Aliniuliza mama hajambo, akanipa vipande vya mbao vilivyobaki nikapikie, akarudi kwenye magunia yake. Nilivipeleka nyumbani. Mpaka leo viko chini ya kitanda changu, sijaweza kuvitia motoni.

Mama nilimwambia yote. Alikuwa anachambua mchele, na aliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza. Aliuliza mtoto ni mzima kweli? Nikasema mzima, anaruka kamba. Akasema Mungu ashukuriwe. Baada ya hapo hakumtaja tena kaka, si kwa wema wala kwa ubaya, na mimi niliyezoea kupasua maneno nilimwogopa kwa ukimya ule.

Malori yalianza kushuka baada ya mvua. La kwanza lilikuwa lile la Bunda, nililitambua kwa rangi. Lilipita kwenye njia ya mabeseni, likatimua vumbi jekundu juu ya dagaa walioanikwa, likapita mahali pa baba bila kupunguza mwendo. Wanawake wakakusanya nyavu zao za kuanikia. Wengine wamehamia Mugango, wengine wanaanika juu ya majabali kwa shida, wakigombana kwa nafasi. Wanaponikuta njiani wananisalimia vizuri, lakini hawasimami tena kupiga soga, na vitambaa vyao wanampelekea fundi mwingine.

Kaka alikuja Jumapili moja baada ya ibada. Tulisikia gari. Alikuwa amebeba sukari, kanga mpya na mafuta ya kula, akazunguka nyuma kama siku zote, akaingia jikoni akanyoosha mkono kwenye mfuniko wa sufuria. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda. Hakumpigia kelele.

"Pita sebuleni," alimwambia. "Wageni wanakaa huko."

Kaka alicheka kidogo, akidhani ni utani. Mama akainuka, akamtangulia, akampangusia kiti, kile cha wageni chenye kitambaa cha kufuma. Kisha alinigeukia akaniambia nikimbie dukani nilete soda.

Nilikwenda. Niliporudi kaka alikuwa anaeleza, harakaharaka, kwamba amejenga chumba kizuri Bunda kwa ajili ya mama, kina choo ndani, na kwamba nyumba yangu itabidi ivunjwe kwa ajili ya kupanua njia lakini mimi naye tutaongea, hawezi kunitupa. Alisema kiwanda kitaleta ajira, kwamba dunia inakwenda mbele, kwamba hata baba angekuwa hai angeona. Mama alikuwa anamsikiliza kwa makini, mikono mapajani, akiitikia kama tunavyowaitikia watu wa ofisini. Alipokea chupa kutoka kwangu. Aliifungua mbele ya macho ya kaka, akafuta mdomo wa chupa kwa upindo wa kanga, akaiweka mezani karibu na mkono wake.

"Karibu, mgeni," alisema.

Kaka aliitazama ile soda. Niliona kitambi chake kikipanda na kushuka.

"Mama, mimi huwaga sinywi soda hapa."

"Wageni wetu wote huwaga wanakunywa," mama alisema.

Akanywa. Alikunywa kwa mafunda madogo, kama dawa, na hakusema tena habari ya chumba wala ya ajira. Mama alimuuliza barabara ya Bunda ikoje siku hizi, kama wamepata mvua, kama biashara inakwenda. Alijibu maswali hayo moja moja kwa sauti ya chini. Alipoaga, mama alijifunga kanga vizuri akamsindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia tangu amzae, akampa mkono akamshukuru kwa kututembelea.

"Uwasalimie nyumbani," akamwambia.

Gari lilikaa pale muda mrefu kabla halijawashwa. Mama hakungoja. Alirudi, akabeba sukari na mafuta na kanga, akaviweka kibarazani mahali tunapoweka vitu ambavyo wageni wamesahau, kisha akaingia jikoni kuangalia sufuria yake.

Mimi nilibeba chupa kuirudisha dukani. Ilikuwa na soda nusu, nikaimwaga njiani. Muuza duka aliipokea, akaiweka kwenye kreti, akauliza kama leo tulikuwa na mgeni. Nikamwambia ndiyo.